Mfano, Kielelezo na Kigezo: Nyani katika Uchunguzi wa Maradhi ya Sepsisi

I. Neno na mahali pake

Nyasura ni mojawapo ya kata za mji wa Bunda, katika Mkoa wa Mara. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita Bunda. Ziwa Viktoria li karibu, na hifadhi ya Serengeti haiko mbali, kwani ncha yake ya magharibi hufika karibu na Ghuba ya Speke. Katika sehemu hizo Kiswahili ni lugha ya soko, ya shule na ya zahanati, na nyumbani husemwa Kijita, Kiikizu, Kizanaki, Kisukuma, Kikurya, Kijaluo na lugha nyingine. Mahali pa namna hiyo neno la Kiswahili lililo jina la maradhi hubeba mzigo mzito. Hutoka kinywani mwa daktari aliyesoma kazi yake kwa Kiingereza, huingia sikioni mwa mama aliyelelewa kwa lugha nyingine, na baada ya muda mfupi laweza kuamua kama mgonjwa atapelekwa hospitali au atabaki kitandani.

Maneno mawili hayahitaji kufasiriwa kwa mkulima wa sehemu hizo, nayo ni nyani na homa. Nyani ni mwizi wa mahindi, ambaye watoto hukesha shambani kumfukuza. Homa ni mgeni wa kila nyumba. Lakini si wengi wajuao kwamba maneno hayo mawili yamekutana katika sura moja ya elimu ya utabibu, na kwamba mengi yaliyojulikana juu ya homa iuayo kwa haraka, yaani sepsisi, yalipatikana kwa kumchunguza nyani.

Makala hii yakusudia kuieleza sura hiyo, na kwa njia hiyo kupima maneno matatu ambayo wafasiri wa Kiswahili huyatumia kana kwamba ni sawasawa: mfano, kielelezo na kigezo. Wataalamu wakisema kwa Kiingereza kwamba mnyama fulani anasimama badala ya binadamu katika uchunguzi, Kiswahili chaweza kutumia lolote katika hayo matatu. Itaonekana hapa chini kwamba hayalingani, na kwamba kuyachanganya ni kosa ambalo wenye maabara nao walilifanya, si kwa ulimi bali kwa vitendo, na gharama yake ikawa kubwa.

II. Jina la maradhi

Sepsisi ni neno la Kiyunani, na asili ya maana yake ni kuoza. Waganga wa kale wa Kiyunani walilitumia kwa nyama iozayo na kwa kidonda kinachonuka. Maana hiyo ilidumu kwa karne nyingi: iliaminiwa kwamba damu ya mgonjwa inaharibika kama nyama iliyoachwa juani. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna, alionyesha kwamba homa ya uzazi iliyowaua wazazi wengi ilichukuliwa kwa mikono ya madaktari wenyewe, waliotoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha bila ya kunawa vizuri. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, mtaalamu wa Kijerumani, alieleza juu ya sumu iliyomo ndani ya mwili wa bakteria, ambayo hutoka bakteria anapokufa na kuvunjika. Tangu hapo fikira ya kuoza ikaanza kuipisha fikira ya sumu. Kijerumani cha watu wa kawaida mpaka leo huyaita maradhi haya kwa neno lenye maana ya kutiwa sumu damuni, na Kiswahili nacho kimefuata njia hiyo hiyo katika maneno kama sumu ya damu au sumu kwenye damu. Wengine husema maambukizi ya damu.

Maneno hayo yote yana ukweli ndani yake, lakini yote yameelekeza kidole mahali pamoja, yaani kwa adui aliyetoka nje. Elimu ya sasa haisemi hivyo. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilitoa fasili mpya: sepsisi ni hali ya hatari kwa maisha ambamo viungo vya mwili vinashindwa kufanya kazi, kwa sababu mwili unayapinga maambukizi kwa namna iliyopotoka. Maambukizi yaweza kuanza popote, katika mapafu, katika kibofu, katika kidonda cha jembe mguuni, au katika tumbo la uzazi baada ya kujifungua. Wala si lazima vijidudu vionekane katika damu. Jambo linalomfanya mgonjwa awe na sepsisi ni kwamba ulinzi wa mwili umevuka mpaka wake na kuanza kuubomoa mwili wenyewe.

Msomaji aweza kulifahamu jambo hili kwa mfano wa yowe. Usiku mwizi akionekana kijijini, mtu hupiga yowe, na majirani hutoka na marungu. Yowe hilo ni jambo jema, na kijiji kisicho na yowe hakina usalama. Lakini ikiwa yowe halinyamazi, ikiwa kila mtu atokaye nje ampiga amkutaye gizani, na nyumba zikachomwa moto ili mwizi asipate pa kujificha, basi asubuhi kijiji kitakuwa kimeangamia, hata kama mwizi mwenyewe alikwisha kukimbia. Ndivyo ilivyo sepsisi. Mishipa midogo ya damu huvuja, damu huganda pasipotakiwa, shinikizo la damu hushuka, na figo, ini, mapafu na ubongo hukosa riziki yake. Dalili zake ni joto kali la mwili, au pengine ubaridi usio wa kawaida, kupumua haraka, moyo kwenda mbio, mkojo kupungua, na akili kuchanganyikiwa.

Ukubwa wa jambo hili waonekana katika hesabu iliyochapishwa mwaka 2020. Kwa makisio hayo, katika mwaka 2017 watu wapatao milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi, na wapatao milioni 11 wakafa, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu watano waliokufa mwaka ule. Mzigo mkubwa kabisa ulikuwa katika Afrika kusini ya Sahara na nchi nyingine zisizo na utajiri.

Wanalugha wana sababu ya kulitazama jina la maradhi kwa makini, maana katika Afrika ya Mashariki jina la ugonjwa huchagua tabibu. Neno degedege ni ushahidi mzuri. Mtoto mwenye homa kali akishikwa na mtukutiko, wengi husema ana degedege. Na kwa kuwa jina hilo huambatana na imani za ndege na za mashetani, wazazi wengi huanza kwa mganga wa kienyeji kabla ya kwenda hospitali. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 uliishughulikia desturi hiyo. Hali kadhalika neno pepopunda, ijapokuwa sasa limekubaliwa katika vitabu vya afya, bado limembeba pepo ndani yake. Mtu aambiwaye kwamba damu ya mgonjwa wake ina sumu aweza kuuliza kwa haki: nani aliyemtilia sumu hiyo? Swali hilo likisha kuulizwa, safari ya kwenda hospitali yaweza kubadilika njia.

III. Jina la mnyama

Kiswahili hakina neno moja la asili linalowakusanya wanyama wote wa jamii ya nyani, tumbili na binadamu. Kina majina ya wanyama wenyewe, kila mmoja kwa umbo na tabia yake: nyani, tumbili, ngedere, kima, mbega, komba, sokwe. Hii si kasoro ya lugha. Wasemaji wake waliishi pamoja na wanyama hao, wakawatenga kama mchungaji anavyotenga rangi za ng’ombe. Waandishi wa elimu walipohitaji neno la jumla, baadhi yao walilitanua neno nyani, na wengine wakachukua neno geni primati. Katika makala hii primati ni kundi zima, na nyani ni yule yule ajulikanaye na mlinzi wa shamba la mahindi: mnyama mwenye pua ndefu kama ya mbwa, aendaye kwa miguu minne, aishiye katika makundi makubwa.

Afrika ya Mashariki ina nyani wa aina mbili walio mashuhuri katika maabara. Mmoja ni Papio anubis, mwenye manyoya ya rangi ya zeituni, ambaye huonekana Serengeti na Gombe. Wa pili ni Papio cynocephalus, mwenye rangi ya manjano, ambaye huonekana Mikumi na katika nchi za kuelekea pwani. Nyani alipendwa na wachunguzi kwa sababu kadhaa. Mwili wake ni mkubwa kiasi cha kuweza kutolewa damu mara nyingi kwa siku moja bila ya kumdhoofisha kupita kiasi. Moyo wake, mishipa yake na namna damu yake inavyoganda hukaribiana na vya binadamu. Tena kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu mara nyingi hushika kazi katika mwili wa nyani, jambo ambalo aghalabu haliwezekani kwa panya.

Mambo haya yaliiunganisha nchi ya Afrika ya Mashariki na maabara za mbali. Mwaka 1960 Louis Leakey alianzisha kituo cha uchunguzi wa primati huko Tigoni, karibu na Limuru, nchini Kenya. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa taasisi ya uchunguzi wa primati yenye makao yake Karen, Nairobi, ambapo nyani wametumiwa katika uchunguzi wa kichocho, wa malaria na wa mambo ya uzazi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 taasisi moja ya San Antonio, Marekani, ilikuwa na kituo cha nyani huko Darajani, kwenye njia ya reli ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 1963 mkutano wa kwanza wa mataifa juu ya nyani kama mnyama wa majaribio ulifanyika San Antonio. Hivyo mnyama aliyefukuzwa kwa mawe katika shamba la mkulima akawa mnyama wa thamani katika nyumba za elimu.

IV. Nyani kama kielelezo

Neno kielelezo ni la ukoo mmoja na elea na eleza. Kitu kikieleweka, kimekaa wazi mbele ya akili. Na kielelezo ni chombo cha kukiweka wazi. Katika maana hiyo nyani alitimiza kazi yake vizuri sana, na mwaka 1987 ndio mwaka wa kukumbukwa.

Mwaka huo, Kevin Tracey na wenzake wa New York walichapisha habari za jaribio katika nyani waliotiwa bakteria wa Escherichia coli ndani ya damu, kwa kiasi cha kuua. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba chembe za ulinzi wa mwili hutoa protini iitwayo TNF, ambayo kazi yake ni kama lile yowe la usiku: huwaita walinzi wengine. Wachunguzi hao walitengeneza kingamwili za kuikamata TNF na kuifunga mdomo. Nyani waliopewa kingamwili hizo saa mbili kabla ya bakteria waliokoka kabisa. Waliopewa saa moja tu kabla waliepukana na mshtuko wa damu, lakini viungo vyao havikusalimika kabisa.

Maana ya jambo hilo ni kubwa. Bakteria walikuwa wale wale, na kiasi chake kilikuwa kile kile. Kingamwili hizo hazikuwaua bakteria. Zilinyamazisha yowe tu. Ikiwa nyani aliokoka, basi kilichokuwa kikimwua hakikuwa bakteria peke yake, bali pia ulinzi wa mwili wake mwenyewe. Hapo fikira ya sumu ya damu ilipata pigo, na fikira ya mwili unaojidhuru ikapata ushahidi wa macho.

Mwaka huo huo wa 1987, Fletcher Taylor na wenzake wa Oklahoma walichapisha jaribio la pili, juu ya kuganda kwa damu. Mwilini mna protini iitwayo protini C, ambayo ikiamshwa huzuia damu isigande ovyo. Nyani waliopewa protini C iliyokwisha kuamshwa walistahimili kiasi cha bakteria ambacho kingewaua. Kisha wachunguzi wakaligeuza jaribio: nyani waliopewa kiasi kidogo cha bakteria, kisichoua, wakazuiliwa protini C yao wenyewe, wakafa. Hivyo jambo moja lilithibitishwa kwa pande zote mbili, kwa kuongeza na kwa kupunguza, kama vile fundi wa saa ajuavyo kazi ya gurudumu kwa kulitia na kulitoa.

Majaribio hayo ndiyo sehemu kubwa ya msingi wa fasili ya mwaka 2016 iliyotajwa hapo juu. Kama kielelezo, nyani alieleza, na maelezo yake hayajatanguliwa.

V. Nyani kama kigezo

Kigezo ni neno la namna nyingine. Limetoka katika geza, yaani kuiga kwa kupima. Fundi hukata kitambaa kwa kigezo: kigezo kikiwa kirefu, nguo huwa ndefu, kikiwa kifupi, nguo huwa fupi. Kielelezo huonyesha jinsi kitu kilivyo, lakini kigezo huamuru kitu kingine kiwe hivyo. Baada ya mwaka 1987 wengi walitoka katika neno la kwanza wakaingia katika la pili bila ya kutambua kwamba wamevuka mpaka. Walisema: dawa imemwokoa nyani, basi itamwokoa mtu.

Katika miaka ya 1990 kingamwili za kuzuia TNF zilijaribiwa kwa wagonjwa wengi wa sepsisi huko Ulaya na Marekani. Matumaini yalikuwa makubwa, na matokeo yakawa haba. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kutosha kuifanya dawa ikubaliwe.

Protini C ilikwenda mbali zaidi, na kwa hiyo anguko lake likawa la kusikitisha zaidi. Mwaka 2001 jaribio la wagonjwa 1,690 lilionyesha kwamba katika siku 28 walikufa asilimia 24.7 ya waliopewa dawa, na asilimia 30.8 ya wasiopewa. Serikali ya Marekani iliikubali dawa hiyo mwaka ule ule, ikauzwa kwa jina la Xigris, kwa bei kubwa mno. Lakini dawa izuiayo damu isigande huleta hatari ya kuvuja damu, na mashaka yakazidi. Jaribio jingine likafanywa kwa wagonjwa karibu 1,700 wenye mshtuko wa sepsisi. Safari hii walikufa asilimia 26.4 ya waliopewa dawa na asilimia 24.2 ya wasiopewa, tofauti isiyo na maana. Mwezi wa Oktoba 2011 dawa hiyo iliondolewa sokoni duniani kote. Dawa ya tatu, yenye kuzuia mwanzo wa kuganda kwa damu, iliwaokoa nyani katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1993. Mwaka 2003 ilionekana kwamba haikuwafaa binadamu.

Sababu za kushindwa huko si fumbo. Kwanza ni wakati. Nyani alipewa dawa kabla ya bakteria, au karibu na saa ile ile. Mgonjwa hufika hospitali baada ya siku nzima au siku mbili za homa, yowe limekwisha kupigwa na nyumba zinawaka. Pili ni hali ya mwili. Nyani wa maabara alikuwa mzima na mwenye nguvu, akatiwa bakteria wa aina moja kwa mkupuo. Mgonjwa aweza kuwa mzee, au mwenye kisukari, au mwenye Ukimwi, au mama aliyepoteza damu, na chanzo cha maambukizi yake ni kidonda kinachoendelea kutoa usaha. Tatu ni tabia ya damu yenyewe. Kwa sumu ile ya bakteria aliyoieleza Pfeiffer, nyani ni mstahimilivu kuliko binadamu kwa mbali sana. Kiasi kidogo kinachomfanya mtu atetemeke kwa homa hakimsumbui nyani. Nne, yowe nalo lina faida. Dawa za kuzuia TNF zilipata kazi nyingine nzuri tangu mwisho wa miaka ya 1990, katika kutibu baridi yabisi na maradhi fulani ya utumbo. Lakini ikaonekana upesi kwamba watumiaji wake wako katika hatari ya kuamkiwa na kifua kikuu kilicholala mwilini. Mlinzi aliyefungwa mdomo hawezi kuita wenzake.

Hapa methali ya wahenga isemayo kwamba nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe, yafaa kuwageukia wachunguzi. Waliyaona vizuri mapungufu ya panya, wakamwendea nyani. Lakini mapungufu ya nyani hawakuyaona kwa wepesi huo.

VI. Kipimo kilicho karibu na mgonjwa

Somo hilo la kigezo halikuishia kwa wanyama. Hata binadamu wa mahali pamoja aweza kuwa kigezo kibaya cha binadamu wa mahali pengine, na ushahidi wake ulipatikana Afrika.

Hospitali za nchi tajiri zilikuwa na desturi ya kumpa mtoto mwenye maambukizi makali na mzunguko wa damu ulio dhaifu maji mengi ya mshipani kwa haraka. Desturi hiyo ilijaribiwa kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Kilifi ilikuwamo, na Mbale, na hospitali ya Teule iliyopo Muheza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya saa 48, katika watoto waliopewa maji kwa mkupuo walikufa asilimia 10.5 na 10.6, kwa kadiri ya aina ya maji. Katika watoto ambao hawakupewa kwa mkupuo walikufa asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Miaka sita baadaye, mwaka 2017, habari kama hizo zilitoka Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye sepsisi na shinikizo la damu lililoshuka, wengi wao wakiwa na virusi vya Ukimwi: waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha shinikizo walikufa asilimia 48.1, na waliotibiwa kwa kawaida ya hospitali walikufa asilimia 33.0. Tiba iliyohesabiwa kuwa ya busara mahali penye mashine za kupumulia na wauguzi wengi ilikuwa na madhara mahali pasipo na vitu hivyo.

Tanzania ilitoa ushahidi mwingine, nao wahusu kujua ugonjwa kabla ya kuutibu. Katika uchunguzi uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Vipimo vya uhakika vilionyesha kwamba ni asilimia 1.6 tu waliokuwa wagonjwa kwa sababu ya malaria. Wengine walikuwa na maradhi mbalimbali, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na bakteria katika damu. Hapa tena neno lilitangulia uchunguzi. Homa iliitwa malaria kwa mazoea, na mwenye sepsisi akaweza kupoteza saa zake za mwisho akinywa dawa isiyo yake.

Kwa hiyo, ijapokuwa elimu ya nyani ni ya thamani, tiba inayookoa watu katika mji kama Bunda bado ni ile ya mambo yajulikanayo: kumtambua mgonjwa mapema, kumpa dawa ya kuua bakteria bila ya kuchelewa, kuondoa chanzo cha usaha, kumpa maji kwa kiasi na kwa uangalifu, hewa safi ya oksijeni ikiwapo, na kunawa mikono kama alivyofundisha Semmelweis.

VII. Haki ya mnyama

Jambo la haki ya mnyama haliwezi kuachwa. Nyani wa majaribio hayo walitiwa maradhi ya kuua, na wale waliokuwa kipimo cha kulinganisha, wasiopewa dawa, walikufa. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliweka kanuni tatu ambazo sasa hufuatwa na kamati nyingi za maadili: kumwacha mnyama palipo na njia nyingine, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Mwaka 2015 taasisi kuu ya afya ya Marekani ilitangaza kwamba haitagharimia tena majaribio ya kuwaumiza sokwe. Kwa nyani mlango haujafungwa, lakini umekuwa mwembamba.

Tofauti ya kielelezo na kigezo yafaa katika hukumu hii pia. Anayeomba ruhusa ya kumtumia nyani apasa kusema wazi atamtumia kwa lipi. Ikiwa ni kueleza jinsi ugonjwa unavyotenda kazi, swali lake laweza kujibiwa kwa wanyama wachache na mara moja. Ikiwa ni kupima dawa itakayopewa mama wa Nyasura, basi nyani mzima aliyepewa dawa kabla ya ugonjwa hawezi kuwa shahidi wa kutosha, hata wakiuawa nyani mia.

VIII. Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo manne yafaa kufikiriwa na waandishi wa vitabu vya afya na wa kamusi.

Kwanza, jina la maradhi liwe sepsisi. Ni neno geni, lakini Kiswahili kimekwisha kupokea malaria na saratani bila ya kuumia. Neno geni lina faida moja hapa: halina mchawi ndani yake, wala halimwiti pepo.

Pili, kwa kuwa neno geni pekee halimfundishi mtu kitu, mara ya kwanza katika kila maandishi lifuatwe na maelezo mafupi yasiyobadilika: mwili kujidhuru wenyewe unapopigana na maambukizi. Maneno sumu ya damu yaachwe katika maandishi ya elimu, na yakitajwa, yatajwe kama jina la zamani.

Tatu, nyani libaki jina la nyani, na kundi zima liitwe primati. Mwandishi akisema dawa ilijaribiwa kwa nyani, msomaji ajue kwamba si tumbili wala sokwe, maana miili yao haijibu kwa namna moja.

Nne, mfano libaki neno la jumla, lenye maana ya kufanana tu, lisilotoa ahadi. Kielelezo litumiwe kwa mnyama anayeonyesha jinsi ugonjwa unavyokwenda. Kigezo lihifadhiwe kwa kile ambacho kimethibitishwa kwamba matokeo yake hupima kweli yatakayompata mgonjwa. Na mpaka hapo uthibitisho utakapopatikana, mnyama yeyote asipewe jina hilo.

Jioni moja zahanatini, muuguzi atamwambia mwenye mgonjwa sentensi mbili au tatu za Kiswahili, na huyo atakwenda kuzirudia nyumbani kwa lugha yake. Sentensi hizo zikisema kwamba homa hii yaweza kuugeuza ulinzi wa mwili kuwa adui, na kwamba saa ni chache, usafiri utatafutwa usiku ule ule.